Kiwiko, bandeji na sidiria mbili: jibu kwa mchezaji wa mpira wa mikono

«Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 20 na ninacheza mpira wa mikono katika ligi ya juu. Matiti yangu ni makubwa, na kwa miaka minne sasa huniuma kila ninapokimbia au kuruka, hasa wiki moja kabla ya hedhi. Huvaa sidiria mbili kwa pamoja, na kocha alinishauri nizungushe bandeji juu yake. Mtikisiko hupungua, lakini kufikia kipindi cha pili napumua kwa shida. Wenzangu wengine wananiambia nipunguze mwili ili matiti nayo yapungue, wengine wanasema sidiria za kubana huleta saratani. Nimeshawaza hata upasuaji. Halafu wiki tatu zilizopita mpinzani alinipiga kiwiko kwenye titi la kushoto likavilia damu. Weusi umekwisha lakini pamebaki kitu kigumu kama gololi ndogo. Sijamwambia mtu. Mashindano yetu makubwa ni baada ya miezi miwili. Nifanye nini?»

Marahaba, mdogo wangu. Umelitaja mwishoni jambo ambalo mimi nitaanza nalo. Umeniuliza mambo manne ambayo tunaweza kuyashughulikia kwa utulivu, na moja ambalo halitakiwi kusubiri mashindano yapite, nalo ni hicho kitu kigumu kilichobaki baada ya kiwiko.

Inaelekea sana kwamba ni matokeo ya pigo lenyewe. Sehemu kubwa ya titi ni mafuta, na mafuta yakipondwa, baadhi ya seli zake hufa, damu iliyovuja hujikusanya, na mwili huanza kuyasafisha na kuyazungushia kovu. Kinachobaki huwa ni donge gumu, wakati mwingine lenye kuivuta ngozi kidogo kwa ndani, na linaweza kukaa kwa wiki nyingi au hata miezi kabla ya kuyeyuka. Wapo ambao haliondoki kabisa, wala haliwadhuru. Uwezekano wa pili ni kwamba donge hilo lilikuwepo tangu zamani, na pigo limekufanya tu upapase mahali ambapo hujawahi kupapasa. Kwa wasichana wa umri wako, donge linalopatikana mara nyingi zaidi ni uvimbe wa tezi usio wa saratani, wenye mpaka unaoeleweka, unaoteleza chini ya vidole unapousukuma. Saratani ya titi katika umri wa miaka 20 ni nadra sana, na pigo la kiwiko haliianzishi.

Hata hivyo, mimi siwezi kukuambia kwa maandishi ni kipi kati ya hivyo, na wewe huwezi kujua kwa kupapasa. Donge la mafuta yaliyokufa huweza kufanana mno na saratani, hata kwenye picha, na ndiyo sababu hadithi ya kiwiko, ijapokuwa ni ya kweli, haitoshi kulifunga suala hili. Nenda kwa daktari ndani ya wiki hii au ijayo. Atayapapasa matiti yote mawili na makwapa, kisha katika umri wako ataomba ultrasaundi kwanza badala ya mamogramu, kwa kuwa matiti ya kijana yana tezi nyingi zilizosongamana, na picha ya eksirei haioni vizuri ndani yake. Ikiwa ultrasaundi itaacha shaka, sindano ndogo itachukua chembe za kupimwa maabara. Mweleze tarehe ya pigo, lakini usimshawishi kwamba ndilo chanzo, mwache aangalie. Wakati huohuo usilisugue wala kulikanda donge hilo kwa nguvu ukidhani utaliyeyusha, kwa sababu utaliongezea jeraha.

Umeandika kwamba hujamwambia mtu, na sentensi hiyo fupi imenigusa kuliko nyingine zote. Utafiti mmoja uliofanywa Australia kwa wanamichezo wanawake zaidi ya 500 wa ngazi ya juu ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja walikuwa wamewahi kuumia matiti michezoni, lakini waliomwambia kocha au mhudumu wa afya walikuwa wachache sana. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, benchi zima husimama. Akipigwa titi, huinama kidogo, huvuta pumzi na kuendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku nyingine ukipigwa, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika kumi hadi kumi na tano, rudia mara kadhaa katika siku mbili za mwanzo, vaa sidiria inayoshika vizuri mchana na usiku, na umwambie mhudumu wa timu kama ambavyo ungemwambia kuhusu goti. Uvimbe unaoongezeka haraka saa chache baada ya pigo, au titi linalokuwa jekundu na moto huku ukipata homa, ni la kuonwa siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye maumivu yako ya miaka minne. Ndani ya titi hamna msuli. Misuli ya kifua iko nyuma yake, ikiegemea mbavu, na titi limekaa juu ya misuli hiyo kama mzigo uliotundikwa: tezi za maziwa, mafuta, mirija, na nyuzi nyembamba zinazopita kati yake kutoka kwenye ngozi hadi kwenye utando wa misuli. Nyuzi hizo huitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika karne ya 19. Ngozi pamoja na nyuzi hizo ndizo peke yake zinazolishikilia titi, na hakuna hata moja kati yake iliyoumbwa kwa ajili ya kuruka na kutua mara elfu kadhaa katika mechi ya dakika 60.

Unapokimbia, kiwiliwili hupanda na kushuka kwa kila hatua, lakini titi huchelewa kukifuata. Kiwiliwili kinapoanza kupanda, titi bado linashuka. Linapogeuka kupanda, kiwiliwili kimeshaanza kushuka. Tena halitembei juu na chini tu. Huenda pia kulia na kushoto, mbele na nyuma, likichora angani umbo linalokaribia namba nane. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa asiye na kitu cha kuyashikilia, safari hiyo inaweza kuzidi sentimita 10 kwa kila hatua. Mchezo wako unaongeza kusimama ghafla, kugeuka na kurusha mpira mkono ukiwa juu ya kichwa, yaani mienendo inayolivuta titi kwa pembeni, upande ambao sidiria nyingi hazikulindi vizuri. Ngozi huvutwa, nyuzi za ndani huvutwa, na mishipa ya fahamu hutoa taarifa. Maumivu unayoyapata ndiyo taarifa hiyo.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni udhaifu au kwamba utazoea. Wanawake 1,285 waliokimbia London Marathon ya mwaka 2012 walipoulizwa, takriban theluthi moja walisema huwa wanapata maumivu ya matiti, na kadiri matiti yalivyokuwa makubwa ndivyo idadi ilivyoongezeka, ingawa hata wenye matiti madogo walikuwemo. Madhara yake hayaishii kwenye maumivu. Mwanamke ambaye matiti yake hayajashikiliwa hufupisha hatua, hukaza mabega, hubana mikono karibu na kifua, na mara nyingi hajui kwamba anafanya hivyo. Mchezaji wa mpira wa mikono anayebana mikono amekwisha poteza nusu ya mchezo wake.

Lakini maumivu yako yana tabaka la pili, kwa kuwa umesema huzidi wiki moja kabla ya hedhi. Katika nusu ya pili ya mzunguko, homoni hufanya tezi zivimbe na kushika maji, titi huongezeka ukubwa na uzito, na mguso mdogo huuma. Sidiria iliyokutosha vizuri siku ya kumi inaweza kuwa ndogo siku ya ishirini na tano. Ninakuomba uweke kumbukumbu kwa mizunguko miwili au mitatu: siku ya hedhi, siku ya maumivu, ukali wake kutoka sifuri hadi kumi, na kama ulikuwa na mazoezi. Maumivu yanayopanda na kushuka pamoja na mzunguko katika matiti yote mawili ni ya homoni. Yanayofuata mazoezi bila kujali tarehe ni ya mtikisiko. Yale yanayokaa sehemu moja tu ya titi moja, siku zote, ni ya kuonyeshwa kwa daktari. Mengine hayatoki kwenye titi kabisa: ukibonyeza ukingo wa mfupa wa kifua, pale mbavu zinapoungana nao kwa gegedu, na ukasikia maumivu yaleyale, basi huenda anayelalamika ni ubavu, na bandeji ya kocha inaweza kuwa ndiyo iliyomchokoza. Kama unatumia njia ya uzazi wa mpango yenye homoni, au hedhi imechelewa, mwambie daktari, maana hali zote mbili hufanya matiti yaume.

Kuhusu dawa, jeli ya diklofenaki inayopakwa juu ya ngozi husaidia wengi katika zile siku mbaya, isipokuwa kwa mwenye mimba, vidonda vya tumbo au pumu inayochokozwa na dawa za jamii hiyo, ambao wamuulize daktari kwanza. Mafuta ya mimea yanayouzwa kwa sifa nyingi kama tiba ya maumivu ya matiti hayajaonekana kuzidi dawa bandia yalipojaribiwa. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo daktari asiyezoea wanamichezo anaweza kulisahau. Danazoli na tamoksifeni, ambazo hutumika kwa maumivu makali ya matiti, zote zimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa haramu michezoni, na vilevile dawa za kuongeza mkojo ambazo baadhi ya watu huandikiwa ili kupunguza uvimbe wa kabla ya hedhi. Mwambie kila daktari, kabla hajashika kalamu, kwamba wewe ni mchezaji unayeweza kupimwa.

Bandeji iache leo. Ninaelewa nia ya kocha, na ni kweli kwamba inapunguza mtikisiko, lakini inafanya hivyo kwa kuzifunga mbavu, ambazo ni lazima zitanuke ili mapafu yajae. Ndiyo maana kipindi cha pili hukukuta ukitafuta hewa: kila pumzi unainunua kwa kazi ya ziada ya misuli ileile ya kifua unayoihitaji kurusha mpira. Bandeji pia hulegea upande mmoja kadiri unavyotoka jasho, hukusanya joto na huchubua ngozi. Sidiria mbili ni afadhali kidogo, na zipo siku ambazo mchezaji hana jinsi nyingine, ila nazo huweka kanda mbili juu ya mbavu zilezile, na mara nyingi ni dalili kwamba hakuna hata moja kati yake iliyo ya kipimo chako.

Sidiria ya michezo yenyewe si kitu cha kale. Ilibuniwa mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani, na Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, ambao walishona pamoja nguo mbili za ndani zinazovaliwa na wanamichezo wanaume kushikilia sehemu zao za siri. Wanaume walikuwa wameshatengenezewa kishikizo chao zamani sana. Wanawake iliwabidi wakikate na kukishona upya kwa mikono yao. Tangu hapo zimetokea aina mbili kuu. Ya kwanza hubana matiti yote mawili kwa pamoja dhidi ya kifua kama fulana fupi, na huwatosha wenye matiti madogo au wa kati. Ya pili ina vikombe viwili, kila titi na nyumba yake, na humfaa zaidi mwenye matiti makubwa kwa sababu inapunguza mwendo wa kila titi peke yake. Kwa mchezo wa kuruka na kugongana kama wako, tafuta ile inayounganisha yote mawili: vikombe ndani, kitambaa cha kubana kwa wastani juu yake. Zile zenye alama ya ndogo, ya kati na kubwa tu ziache, kwa sababu haziwezi kujua kwamba mtu mwenye mbavu nyembamba anaweza kuwa na matiti makubwa.

Hapo ndipo penye kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kuliko jingine lolote. Wanawake wengi huvaa ukanda mpana mno na vikombe vidogo mno, kisha hukaza mikanda ya mabegani ili kuziba pengo. Namba ya sidiria ni kipimo cha mbavu chini ya matiti, na herufi ni tofauti kati ya hapo na sehemu iliyojaa zaidi. Kwa hiyo herufi peke yake haina maana: kikombe cha D kwenye ukanda mfupi kinabeba kidogo kuliko D kwenye ukanda mrefu, na ukishuka namba moja ya ukanda inakubidi upande herufi moja ya kikombe ili ujazo ubaki uleule. Kazi kubwa ya kushikilia inatakiwa kufanywa na ukanda wa chini, si na mabega. Ukiona mifereji mabegani baada ya mechi, ukanda wako haufanyi kazi.

Unapojaribu sidiria, ukanda ukae sawa kuzunguka mwili bila kupanda mgongoni, na vidole viwili viweze kupita chini yake, si ngumi. Kikombe kilifunike titi lote. Nyama isifurike juu wala karibu na kwapa, na kitambaa kisiwe na mikunjo. Kama kuna waya, ukae juu ya mbavu, usiguse titi. Kisha usitoke katika chumba cha kujaribia kabla hujainua mikono yote miwili juu kama anayerusha, ukageuka kushoto na kulia, ukaruka papo hapo kwa dakika nzima, na mwisho ukavuta pumzi ndefu hadi mwisho. Sidiria inayotuliza titi lakini inaikataa pumzi hiyo ndefu si yako. Nenda kuipima katika ile wiki ya kabla ya hedhi, au chagua yenye safu kadhaa za vishikizo mgongoni, ili uilegeze kidogo siku za kuvimba. Ifue kwa mikono bila dawa ya kulainisha nguo, na uianike kivulini, kwa kuwa joto huua mpira wa kitambaa. Ukanda ukianza kupanda mgongoni hata kwenye kishikizo cha mwisho, imemaliza kazi yake. Michubuko ya chuchu inazuiwa kwa mafuta ya mgando kidogo kabla ya mechi na kwa kubadilisha sidiria iliyolowa jasho.

Kuhusu saratani: sidiria haileti saratani, iwe ya kubana au ya kulegea, yenye waya au isiyo nao. Utafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, uliwauliza wanawake zaidi ya 1,500 wenye umri wa miaka 55 hadi 74 kuhusu maisha yao yote ya kuvaa sidiria, na haukupata uhusiano wowote. Kinachojulikana ni kinyume cha hofu ya wenzako: kufanya mazoezi mara kwa mara hupunguza hatari ya saratani ya titi. Na ukiambiwa kwamba mtikisiko hukata kano za ndani na kuyalegeza matiti moja kwa moja, jua kwamba jambo hilo linasemwa kuliko lilivyothibitishwa. Umri, mimba, kuvuta sigara na kupanda na kushuka kwa uzito vina sehemu yake. Vaa sidiria nzuri ili usiumie leo. Sababu hiyo inatosha.

Ushauri wa kupunguza mwili ndio unaonitia wasiwasi zaidi ya yote uliyopewa. Ni kweli kwamba titi lina mafuta na linaweza kupungua mtu anapopungua, lakini kiasi cha mafuta na cha tezi hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, na hakuna anayeweza kuuagiza mwili uanzie wapi. Mchezaji anayekula kidogo kuliko anavyotumia huanza kupoteza hedhi, mifupa yake hupungua uimara hadi ikapata nyufa za uchovu, na huugua ovyo; hali hii Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014 na kuwaonya makocha juu yake. Ukiwa umeanza kuruka mlo, au hedhi yako imekatika kwa miezi mitatu, mwambie daktari yuleyule utakayemwonyesha donge.

Upasuaji wa kupunguza matiti ni jambo la halali kulifikiria, na sitakuonea aibu kwa kuuliza. Mchezaji wa tenisi Simona Halep wa Romania alifanyiwa mwaka 2009 akiwa na miaka 17, akisema matiti yalimletea maumivu ya mgongo na kumchelewesha uwanjani, na baadaye alishinda French Open mwaka 2018 na Wimbledon mwaka 2019. Wapo wengi ambao maumivu ya shingo na mgongo huwaishia kabisa. Lakini makovu ni ya kudumu, hisia za chuchu zinaweza kupungua, uwezo wa kunyonyesha siku za mbele unaweza kuathirika, na kurudi kwenye mchezo wa kuruka huchukua wiki sita au zaidi. Madaktari hupenda pia kuona kwamba matiti yamekoma kukua na uzito umetulia. Wewe hujawahi kuvaa sidiria ya kipimo chako hata kwa msimu mmoja. Ningeanza na hiyo, na kama baada ya msimu mzima bado unaumia, omba kuonana na daktari mpasuaji na uende na kumbukumbu zako za maumivu mkononi.

Kwa miezi miwili iliyobaki, mpangilio wangu ni huu. Hadi donge lipimwe, fanya mazoezi ya kukimbia, ya nguvu na ya kurusha, ila kaa pembeni katika yale ya kugongana. Majibu yakiwa mazuri, rudi kamili, na mwulize mhudumu wa timu kuhusu kinga ya sponji inayoingia ndani ya sidiria, mradi waamuzi wenu wanairuhusu. Wanawake wa mchezo wa kupigana kwa vitara hulazimika kuvaa kinga ngumu ya kifua, na hakuna anayewaona dhaifu. Sidiria mpya ianze kuvaliwa mazoezini walau wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza. Kocha mwambie sentensi moja tu: bandeji inakunyima pumzi, na daktari amekukataza. Akitaka maelezo zaidi, mpe ukurasa huu.

Kama kabla ya siku ya kuonana na daktari utaona donge linakua, ngozi imeingia ndani au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imegeuka kuelekea ndani au inatoa majimaji yenye damu, au kuna uvimbe kwapani, usisubiri tarehe uliyopangiwa. Nenda siku hiyo na useme waziwazi ulichokiona.